Rwenzori: Usalama wa Mlima ni Usalama wa Watu Wake

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia kwisha na mvua zinapopungua magharibi ya Uganda, vijiji vilivyo chini ya milima ya Rwenzori katika Wilaya ya Kasese huanza kupokea wageni. Wengi wao hutoka Ulaya na Marekani, ambako wakati huo ni majira ya joto na watu wako likizoni. Wamo pia wananchi wa Afrika Mashariki wanaotaka kuijua nchi yao kwa miguu. Wageni hao hutwaa wapagazi na waongozaji kutoka vijijini, huvaa mabuti ya mpira kwa ajili ya matope, kisha hushika njia ya msituni. Safari ya kwenda na kurudi huchukua wiki moja au zaidi kidogo kwa wale wanaotaka kufika kilele cha Margherita.

Kilele hicho kina urefu wa meta 5,109 juu ya usawa wa bahari, na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita juu yake. Kwa urefu ni cha tatu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Anayekipanda hupita kwanza katika msitu mnene, kisha katika mianzi, kisha katika mabonde ya matope yenye lobelia na mimea mingine mirefu kuliko mtu. Mwishoni hufika kwenye barafu, ijapokuwa sehemu kubwa ya barafu iliyoonekana mwaka 1906, wakati Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alipovifikia vilele hivyo, sasa imekwisha kuyeyuka.

Milima hiyo ni mali ya umma. Upande wa Uganda ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1941, ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 1,000. Kwa maandishi ya sheria, basi, mlima huo ni wa wananchi wote, na kila atakaye kuutembelea kwa kufuata taratibu anaruhusiwa. Lakini historia yake ya karibuni inaonyesha kwamba sheria peke yake haitoshi kuufanya mlima uwe wa umma. Panahitajika amani katika vijiji vilivyouzunguka, na amani hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa watu waliokabidhiwa silaha. Kwa sababu hiyo mambo ya Rwenzori yanastahili kufikiriwa na kila askari na kila polisi katika eneo hili la Afrika.

Mwezi wa Novemba 1996 waasi wa kundi linaloitwa ADF waliuvamia mji wa mpakani wa Mpondwe wakitokea Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Majeshi ya Uganda yaliwafukuza kutoka mjini, lakini waasi hao waliingia milimani na kufanya maficho yao katika misitu ile ile ambayo watembezi walikuwa wakiifurahia. Mwaka uliofuata hifadhi ilifungwa. Ilibaki imefungwa mpaka mwaka 2001. Katika kipindi hicho watu wengi wa Kasese na Bundibugyo walizikimbia nyumba na mashamba yao ya kahawa wakaishi katika kambi. Mwezi wa Juni 1998 waasi walikishambulia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba usiku, wakawateketeza wanafunzi kwa moto wakiwa katika mabweni yao. Mwaka 1999 Rwenzori iliwekwa katika orodha ya maeneo ya Urithi wa Dunia yaliyo hatarini, na haikutolewa humo mpaka mwaka 2004.

Ni vizuri kujiuliza ni nani aliyepata hasara mlima ulipofungwa. Mgeni wa ng'ambo alikwenda kupanda mlima mwingine. Lakini mpagazi wa Kikonzo, ambaye ujira wake wa wiki moja humlipia mtoto karo ya shule, hakuwa na mlima mwingine wa kwenda. Mama aliyeuza ndizi na mayai kwenye kituo cha kuanzia safari alipoteza wanunuzi. Na msitu wenyewe ulikosa walinzi, kwa maana askari wa hifadhi hawakuweza kufika katika sehemu zilizoshikwa na waasi. Hivyo bunduki ya mhalifu ilimnyang'anya mwananchi maskini mali yake ya umma, bila ya kuihamisha hata hatua moja.

Hasara ya namna hiyo haikuishia Rwenzori. Mwezi wa Machi 1999 wapiganaji waliotoka Kongo waliuvamia msitu wa milima wa Bwindi, kusini zaidi, wakawaua wageni 8 pamoja na ofisa mmoja Mganda wa hifadhi aliyejaribu kuwalinda. Upande wa Kongo, ambako miteremko ya Rwenzori imo katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mambo yamekuwa mazito zaidi. Mwezi wa Mei 2018 askari mmoja wa hifadhi hiyo, mwanamke, aliuawa akiwalinda wageni wawili Waingereza waliotekwa nyara, na hifadhi ikafungwa kwa wageni kwa miezi kadhaa. Mwezi wa Aprili 2020 askari 12 wa hifadhi waliuawa katika shambulio moja karibu na makao yao makuu ya Rumangabo.

Watanzania nao wanao msiba wa kukumbuka katika nchi hiyo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi na watu walioaminiwa kuwa wapiganaji wa ADF. Askari 15 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania walipoteza maisha, na wengine wengi walijeruhiwa. Kutoka katika nchi ile, siku mbingu inapokuwa safi, milima ya Rwenzori huonekana upande wa mashariki. Vijana hao hawakwenda huko kwa matembezi. Walikwenda ili wakulima wa Beni waweze kwenda shambani na kurudi wakiwa hai. Kazi hiyo na kazi ya kulinda njia ya mtembezi ni kazi moja, kwa sababu mahali ambapo mkulima haendi shambani kwa amani, hakuna mgeni atakayepanda mlima kwa amani.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba hatari zote za Rwenzori zilivuka mpaka. Wakonzo na Waamba wanaoishi katika miteremko hiyo walikuwa na malalamiko yao ya muda mrefu. Mwaka 1962 walianzisha harakati za Rwenzururu wakidai kutotawaliwa na ufalme wa Toro, na mgogoro huo haukwisha mpaka mwaka 1982, walipofikia mapatano na Serikali. Hifadhi ya Taifa ilipotangazwa mwaka 1991, watu waliozoea kuchukua kuni, mianzi na dawa za asili katika msitu wa mababu zao waliambiwa kwamba jambo hilo sasa ni kosa. Waliiona hifadhi kuwa ni kitu cha wageni. Mtu anayehisi kwamba amefukuzwa nyumbani kwake hana haraka ya kumwambia askari kwamba jana usiku ameona moto wa watu asiowajua katika bonde la juu.

Jambo hilo limerekebishwa kwa kiasi. Sheria ya Uganda inaagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudishwe kwa wananchi wanaopakana nayo, kwa ajili ya shule, zahanati na kazi nyingine za maendeleo. Tena yamefanywa makubaliano kati ya uongozi wa hifadhi na baadhi ya vijiji, ambayo yanawaruhusu wananchi kuchukua baadhi ya mazao ya msitu kwa kipimo na kwa zamu. Kazi za upagazi na uongozaji hufanywa na vijana wa vijiji hivyo. Mpagazi anayejua njia zote za juu, na ambaye kipato chake kinategemea mlima kuwa wazi, ni rafiki wa usalama kuliko kilometa nyingi za waya wa miiba.

Lakini mwezi wa Novemba 2016 ulionyesha jinsi imani hiyo inavyoweza kuvunjika. Mapigano kati ya vyombo vya dola na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese yaliua watu zaidi ya 100, wakiwamo polisi waliokuwa katika vituo vyao. Kila upande ulikuwa na maelezo yake. Lisilobishaniwa ni kwamba wajane walibaki pande zote mbili, na kwamba majeraha ya namna hiyo hayaponi kwa amri.

Tena adui hakulala. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 ADF waliishambulia shule ya sekondari karibu na Mpondwe, mji ule ule wa mwaka 1996, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth iliyo chini ya milima hiyo, waliwaua mume na mke waliokuwa katika fungate yao pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza. Matukio hayo yalitokea ingawa majeshi ya Uganda na Kongo yalikuwa yameanza operesheni ya pamoja dhidi ya kundi hilo tangu mwishoni mwa mwaka 2021. Ushindi vitani ni jambo la lazima, lakini mpaka mrefu wenye misitu na mito haulindwi na majeshi peke yake. Unalindwa pia na macho ya watu wanaoishi hapo.

Ni mafunzo gani basi wanayoweza kuyapata walinzi wa usalama katika nchi zenye milima yake, kama Tanzania yenye Kilimanjaro, Meru, Usambara na Uluguru?

La kwanza ni kwamba mlinzi wa mlima wa umma ana watu watatu wa kuwalinda, na asimsahau hata mmoja wao. Yuko mgeni, ambaye kifo chake hutangazwa duniani kote. Yuko mpagazi, ambaye akifa kwa baridi au kwa ugonjwa wa mwinuko, mara nyingi habari zake haziendi mbali na kijiji chake. Yuko na mkulima wa chini ambaye hapandi mlima kabisa, lakini hunywa maji yake. Daftari la kituo cha kuingilia linapaswa kuandika majina ya wote wanaopanda, wapagazi pamoja na wageni, na wote wahesabiwe wanaporudi. Mtu anayeumwa kichwa sana, anayetapika na kuyumba akiwa juu, huteremshwa mara moja, awe amelipa fedha au amelipwa.

La pili ni mwenendo wa askari mwenyewe. Msitu ambao raia amekatazwa kukata mti, askari naye hakati kwa ajili ya jiko la kambi. Mnyama ambaye raia hufungwa kwa kumwinda, askari naye hamli. Kizuizi cha barabarani ambacho mwanamke mwenye kapu la mboga hudaiwa chochote hakikusanyi habari za adui. Hukusanya chuki, na chuki hiyo ndiyo kichaka anachojificha adui.

La tatu ni kwamba msitu wenyewe ni sehemu ya ulinzi wa nchi. Mwezi wa Mei 2013 mto Nyamwamba uliotoka Rwenzori ulifurika na kubomoa nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Mwaka 2020 ulifurika tena na kuleta maafa mengine. Hakuna askari anayeweza kuizuia mvua, lakini msitu unaosimama katika miteremko hushika udongo na kupunguza kasi ya maji. Anayewakamata wachoma mkaa na wakata mbao wa magendo analinda nyumba za watu walio chini, hata kama hawamwoni.

Leo watembezi wanapanda tena Rwenzori. Wapagazi wanabeba mizigo yao, na kina mama wanauza ndizi kwenye kituo cha kuanzia. Hali hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa ya damu ya askari na raia, na bado inahitaji kulindwa kila siku. Kipimo cha walinzi wake hakiko katika wingi wa silaha zao. Kiko katika swali dogo ambalo kila kamanda wa kikosi kilicho karibu na msitu anaweza kujiuliza jioni: kijana wa kijiji cha jirani akiona jambo la hatari mlimani usiku huu, je, atakimbilia kambini kutoa habari, au ataikimbia kambi hiyo? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama mlima utabaki wazi mwaka ujao.