Saa ya Mashine na Saa ya Seli



Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo, nianze na namba moja, 51. Miaka kadhaa nyuma maabara yetu ilikuwa ikifuatilia seli hai kwa hadubini ya konfokali usiku kucha. Tuliipanga programu ipige picha kila baada ya dakika 2, tabaka 20 kila mara, kwa rangi 2, na irudie mara 300. Hiyo ni kazi ya saa kumi. Mwanafunzi wangu alibonyeza kitufe saa moja jioni, akazima taa, akaenda zake. Asubuhi tulikuta programu imesimama, na kwenye kioo kuna kidirisha chenye ujumbe usiomsaidia mtu. Kumbe ilikuwa imesimama kabla ya saa tatu usiku, sisi tukiwa bado mezani.

Usiku wa pili ikasimama tena. Usiku wa tatu nilikasirika, na hasira si fundi mzuri: nikabadilisha kebo, nikaondoa programu ya kuzuia virusi, nikapunguza leza, yote kwa mkupuo, kama mgonjwa anayemeza kila kidonge kilichomo kabatini. Ikasimama vilevile. Na hata kama ingepona, nisingejua ni kidonge kipi kilichoiponya.

Aliyetuokoa ni yule mwanafunzi, kwa kuhesabu tu. Kila usiku, seti zilizokamilika zilikuwa 51, si zaidi wala pungufu. Umeme unaokatika hauna nidhamu ya namna hiyo. Akachukua karatasi. Picha moja ya pikseli 1024 kwa 1024, yenye biti 16 kwa kila pikseli, ni megabaiti 2. Picha 40 za seti moja ni megabaiti 80. Seti 51 ni megabaiti 4080. Seti ya 52 ingevuka 4096, yaani gigabaiti 4 kamili. Diski ya nje tuliyoihifadhia data ilikuwa ya mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufika ukubwa huo, nayo programu ilikuwa ikirundika kila kitu kwenye faili moja. Kubadilisha mfumo wa diski peke yake kusingetosha, kwa sababu faili la TIFF la kawaida nalo hutumia anwani za biti 32 na huishia ukutani palepale. Tukaiagiza programu ifungue faili jipya kwa kila seti. Usiku wa nne tulipata zote 300.

Nasimulia mkasa huu kwa heshima, maana ile ilikuwa hitilafu yenye adabu. Ilibisha hodi. Ninayotaka kuisema leo ni ile isiyobisha.

Ili tuielewe, turudi kwa Marvin Minsky, aliyebuni hadubini ya konfokali. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa Harvard, alitaka kuona jinsi neva za ubongo zinavyounganika, lakini tishu nene hutawanya mwanga na picha hugeuka ukungu. Akaamua kumulika nukta moja tu kwa wakati, na kuuchuja mwanga unaorudi kwa kitundu kidogo ili ule utokao juu au chini ya nukta hiyo uzuiwe. Aliomba hataza mwaka 1957, akaipata 1961. Katika chombo chake, kilichotembezwa ni sampuli yenyewe. Hadubini nyingi za leo hutembeza leza kwa vioo vinavyocheza, ila gharama ni ileile: picha ya konfokali haipigwi mara moja, inafumwa nukta kwa nukta kama mkeka. Ukingo wake wa juu ni wa zamani kuliko wa chini. Kila kitu ndani yake kina umri.

Sasa, katika mradi mwingine tuliomba picha kila sekunde 30. Tabaka 20, rangi 2 moja baada ya nyingine, sekunde 1 kwa kila picha: tayari ni sekunde 40, na ukiongeza mwendo wa lenzi kupanda na kushuka, 42. Mtoto wa shule ya msingi angeona kwamba 42 haziingii ndani ya 30. Programu haikusema neno. Ilifanya kazi kwa kasi iliyoiweza, na kwenye kichwa cha faili ikaandika kile tulichoiomba: sekunde 30. Nasi tukagawanya umbali kwa 30, seli zikaonekana kukimbia kwa kasi iliyozidi ya kweli kwa asilimia 40. Makala ilikuwa karibu kutumwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Maabarani kimya kingi hupita bila mshindo wowote, kikachapishwa.

Kilichotuumbua ni muhuri wa saa ambao programu huugonga kwenye kila picha, mahali ambapo hakuna anayetazama. ImageJ, programu ya kuchambulia picha aliyoianzisha Wayne Rasband kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, haiuzwi, na inaweza kukusomea habari hizo hata kama programu iliyokuja na hadubini inazificha nyuma ya menyu tano. Toa muhuri wa kwanza kwenye wa pili. Ni hesabu ya kutoa, basi.

Mara nyingine programu husingiziwa. Mwezi mzima tuliilaumu kwa kupoteza fokasi, picha ikififia na kurudi, ikififia na kurudi. Tabaka ambalo lenzi kali hulionyesha ni jembamba kuliko mikromita 1, na badiliko la nyuzijoto 1 linatosha kuitoa hadubini nje ya tabaka hilo. Tukaondoa seli, tukaweka shanga za plastiki zinazong'aa, zilizogandishwa kwenye kioo. Shanga hazina miguu. Nazo zikapanda na kushuka, sambamba na kiyoyozi kilichokuwa kikiwaka na kuzima juu ya vichwa vyetu. Kwa joto la pwani hatukuweza kukizima, tukakigeuzia upepo upande wa mlango.

Siku hizi hakuna anayeanza kazi ya usiku pale kwetu kabla ya kuziendesha shanga dakika 10 na kutoa mihuri miwili. Lakini kanuni za tasnifu tunazozitumia, zinazoeleza upana wa pambizo kwa sentimita, hazimdai mwanafunzi ataje muda halisi kati ya picha na picha. Nimeandika ombi la mstari mmoja kuhusu jambo hilo. Liko kwenye mfuko wa koti hili, Ndugu Makamu Mkuu, na nitakukabidhi tukielekea kwenye chai.