Miguu Inayowaka na Moyo Uliokata Tamaa
(Hotuba ya mmoja wetu katika siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)

Ndugu zangu mlioamshwa pamoja nami na kengele ya alfajiri kwenda mchakamchaka:

Wengi mmeniuliza kwa nini kwa miaka minne sikuonekana katika mikutano yetu. Nilisingizia kazi. Ukweli ni kwamba nilijifungia nyumbani kwa sababu ya kisukari.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Aghalabu huanza na ile mirefu, iendayo vidoleni mwa miguu, kisha madhara hupanda kama mtu anayevuta soksi. Nyayo zangu ziliwaka, hasa usiku. Hata shuka lilinichoma.

Lakini maumivu hayakuwa mzigo wote. Kila nilipochomwa niliwaza, "Sasa nitakatwa mguu." Kwa hofu hiyo niliacha kutembea, nikaacha shamba, nikaacha baraza. Nikawa silali. Na asiyelala maumivu humzidi. Asiyetembea hudhoofu, na sukari yake hupanda.

Daktari akaniandikia amitriptilini. Nilipojua kwamba dawa hiyo ilianza kutumika Marekani mwaka 1961 kwa wagonjwa wa huzuni, nilirudi kwake kwa hasira. Je, ameniona mwendawazimu? Akanijibu kwa upole: "La, mzee. Maumivu yako ni ya kweli, na dawa hii kwa kiasi kidogo huyapunguza. Ila niambie, usingizi unapata? Unaye wa kuzungumza naye?" Nikalia mbele yake.

Nikaanza upya: leo hadi mwembeni, kesho mbele kidogo, nikiwa na viatu vya kufunika. Kila jioni mke wangu hunikagua nyayo, maana mguu unaowaka waweza pia kufa ganzi usihisi mwiba. Maumivu hayajakwisha. Lakini shamba nalima, na leo nimesimama mbele yenu.

Ndugu zangu wenye kisukari, mwelezeni daktari habari za miguu, na za hofu na usingizi vilevile. Si aibu. Nanyi wazima, mwenzenu asipoonekana, msiridhike na udhuru wake. Mwendeeni, mkapige hodi.