Springi za Pikipiki na Mzigo Wako

Wiki iliyopita tulijifunza hesabu ya kutoa na maana ya theluthi. Leo tutaitumia hesabu hiyo katika kazi ya nje ya darasa, nayo ni kurekebisha springi za nyuma za pikipiki.

Kwanza nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Siku moja wakati wa masika nilipakia maboksi mawili ya vitabu nyuma ya pikipiki, nikaondoka. Springi nilikuwa nimeziacha laini, kama nipandavyo peke yangu. Basi nyuma ilishuka, mbele ikainuka. Nilipofika kwenye kona nilikata usukani, lakini gurudumu la mbele lilikuwa jepesi juu ya tope. Halikukata kona, liliteleza mpaka mtaroni. Nilivunjika mkono, na vitabu vikalowa. Fundi aliyekuja kunisaidia aliinama akazitazama springi, akasema, "Mwalimu, mzigo umebadilika, lakini wewe hukubadili kitu."

Tazameni shokapu ya nyuma. Ina vitu viwili: springi na mafuta. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyo ndani huzuia pikipiki isidundedunde. Chini ya springi, katika pikipiki nyingi, kuna pete yenye ngazi, mara nyingi ngazi 5. Ukiizungusha kwa spana yake yenye ndoana, springi hubanwa au hulegezwa. Nguvu ya chuma haiongezeki. Springi hubanwa tu kabla ya mzigo kufika, ili nyuma isishuke mno.

Utajuaje kuwa springi ni laini kupita kiasi? Ukipita kwenye shimo, nyuma hugonga chini kwa kishindo, na usiku taa ya mbele humulika matawi ya miti badala ya njia. Je, zikiwa ngumu kupita kiasi? Mgongo huuma, na gurudumu hurukaruka juu ya mawe. Tairi isiyogusa ardhi haishiki breki.

Sasa tupime. Hakikisha kwanza kwamba tairi zina upepo wa kutosha. Kisha fuata hatua hizi.

Kwanza, simamisha pikipiki juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu mpaka alama uliyoiweka chini ya kiti. Andika kipimo. Tuseme ni sentimita 50.

Pili, ishushe chini, ukae juu yake pamoja na mzigo wako wa kawaida. Mwenzako aishike isianguke, na mwingine apime tena mahali pale pale. Tuseme ni sentimita 47.

Tatu, toa: 50 kutoa 47 ni 3. Springi imeshuka sentimita 3.

Mafundi wengi hufuata kanuni hii: uzito ushushe springi kiasi cha theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Ikiwa gurudumu laweza kupanda sentimita 9 kwa jumla, theluthi yake ni 3. Basi hapo pamefaa. Mwendo huo huandikwa katika kitabu cha pikipiki. Na ninyi sasa mwaweza kukisoma. Ikishuka zaidi, panda ngazi moja, upime tena. Ikishuka kidogo mno, rudi ngazi moja.

Angalieni sana: shokapu za kushoto na kulia lazima ziwe kwenye ngazi ile ile. Zikitofautiana, pikipiki haitakwenda sawa. Tena msizungushe pete kwa nyundo na patasi. Na jioni, mzigo ukishashushwa, rudisheni pete mahali pake.

Lakini kuna ugonjwa usioponywa kwa pete. Bonyeza kiti kwa nguvu, kisha uachie. Kikipanda na kutulia, ni vizuri. Kikidundadunda, au ukiona mafuta yanachuruzika kwenye shokapu, mafuta yamekwisha kazi. Mpelekee fundi, abadilishe zote mbili. Wala hakuna ngazi iliyowekwa kwa ajili ya abiria watatu na gunia la mahindi. Mzigo ukizidi, dawa yake ni kuupunguza.

Wewe abiria usidhani somo hili ni la dereva peke yake. Ukiona nyuma imelala na mbele imeinuka, mwambie asimame arekebishe. Dakika 10 za spana ni chache kuliko miezi ya mkono kwenye plasta.

Kazi ya darasa:
1. Mafuta ya shokapu yana kazi gani?
2. Bila uzito kipimo ni sentimita 52. Pamoja na uzito ni 47. Springi imeshuka kiasi gani?
3. Ikiwa gurudumu hilo hupanda sentimita 9 kwa jumla, utapanda ngazi au utashuka? Eleza sababu.

Kwa herini mpaka wiki ijayo.