Vijiwe vya Figo: Maradhi Yasiyofaa Kufichwa

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwenyezi Mungu amemjaalia mwanadamu mafigo mawili chini ya mbavu, moja kila upande wa uti wa mgongo, kila moja kadiri ya ngumi. Kazi yake ni kuisafisha damu. Kwa siku moja huchuja maji yapatayo lita 180, na karibu yote hurejea mwilini, isipokuwa lita moja au mbili zitokazo kwa mkojo. Pindi mtu atokwapo na jasho jingi naye asinywe maji ya kutosha, mkojo huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo huganda mithili ya ukoko mweupe ndani ya birika. Hivyo ndivyo kijiwe kizaliwavyo. Walio hatarini zaidi ni wafanyao kazi juani, na dereva ajinyimaye maji ili asisimame njiani.

Kijiwe kikitulia ndani ya figo, huenda mtu asijue kuwa anacho. Taabu huanza kinaposhuka katika mrija mwembamba uendao kwenye kibofu. Hapo maumivu makali hushika ubavuni, yakateremka hadi kinenani, yakapoa, kisha yakarudi. Mgonjwa hageuki upande wowote akapata raha. Hutapika, mkojo humchoma, na pengine hutoka na damu.

Wako waonao haya kutaja habari za haja ndogo mbele ya tabibu, na wako wadhanio wamerogwa. Naam, haya ni katika imani. Lakini Bibi Aisha, Radhi za Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Naye Mtume, Rehema na Amani zimfikie, aliamrisha watu wajitibu. Ndipo tabibu Al-Razi, katika karne ya 10, akaandika risala nzima juu ya vijiwe vya figo na kibofu, na Al-Zahrawi wa Andalusi akaeleza namna ya kuvitoa kwa vyombo.

Leo kijiwe kisichozidi milimita 5 mara nyingi hutoka chenyewe. Kikubwa huweza kuvunjwa kwa mawimbi yapigwayo kutoka nje ya mwili, tiba iliyoanza Ujerumani mwaka 1980. Ila maumivu yakifuatana na homa na kutetemeka, au mkojo ukizuilika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Akicheleweshwa, figo huweza kufa na sumu ikaenea katika damu.

Kinga yake si ghali: mtu mzima mwenye afya anywe maji lita 2 na nusu hadi 3 kwa siku, na zaidi akitoka jasho, apunguze chumvi, asizidishe nyama, wala asiache maziwa kwa hofu. Aliyewahi kupatwa na kijiwe amwulize tabibu kabla ya Ramadhani, na anywe maji kidogo kidogo tangu Magharibi hadi daku. Tabibu akimkataza kufunga, sheria imemruhusu kulipa siku nyingine. Basi asijione mpungufu wa imani.

Mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Anayeugua na aseme, na anayeambiwa asicheke.

Wabillahi tawfiq.