Rangi Ije Mwisho: Jinsi Tulivyofufua Boti Kuukuu ya Faiba



Tumeombwa na ofisi ya maendeleo tuwaeleze jinsi kikundi chetu kilivyotengeneza boti kuukuu ya faiba hapa nyumbani, kwa mikono yetu na kwa pesa kidogo. Sisi si mainjinia. Tuko watu kumi na wawili: wavuvi, akina mama wachuuzi wa samaki, fundi seremala mmoja, na vijana waliomaliza shule na hawajapata kazi. Tutasema tuliyoyafanya na sababu zake. Mkitoka hapa na jambo moja tu, basi liwe hili: pesa kidogo ianze pale maisha ya watu yanapotegemea, na rangi ije mwisho.

KWA NINI BOTI YA FAIBA

Wengi wetu hapa pwani ya kusini, kutoka Msambweni hadi Shimoni, tunavua kwa mitumbwi na ngalawa. Vyombo hivi ni vizuri ndani ya mwamba. Lakini nje ya mwamba safari ni ndefu, na samaki anayechelewa kufika kwenye barafu hupoteza bei. Tena wenzetu wa kisiwa cha Wasini wanajua: mgonjwa akizidiwa usiku, lazima avushwe maji kwanza ndipo atafutiwe gari. Kwetu sisi chombo cha mashine si anasa.

Boti mpya hatukuiweza. Lakini ukitembea pwani utaona boti za faiba zimetupwa, nyingine zilikuwa za kubeba watalii. Watu huzipita wakisema, "Hiyo imekufa." Si kweli kila mara. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu iitwayo rezini. Haishiki kutu, haiozi, wala wadudu wa baharini wanaotoboa jahazi hawaili. Kinachooza ni mbao iliyofichwa ndani. Ili kuipa boti nguvu, viwanda vingi huweka plaiwudi katikati ya faiba: kwenye sakafu, kwenye mataruma, na zaidi ya yote kwenye shetri, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Maji yakipata tundu moja la skrubu lisilozibwa, huingia humo yakakaa miaka. Nje boti inang'aa, ndani ni uji.

PIMENI KABLA YA KUNUNUA

Hakuna haja ya kifaa cha bei. Sisi tulikwenda na nyundo ndogo na drili ya kuazima.

1. Gonga boti polepole kila mahali. Faiba nzima hulia kwa sauti kali. Pahali palipooza au kuachana hulia kwa sauti nzito, kama kugonga gunia.

2. Kama mashine imefungwa, shika mguu wake usukume juu na chini. Shetri ikicheza, ni mgonjwa.

3. Kwa ruhusa ya mwenyewe, toboa tundu dogo upande wa ndani wa shetri, chini karibu na sakafu. Unga wa mbao ukitoka mkavu na mweupe, vizuri. Ukitoka mweusi na wenye maji, mbao imekwisha. Tundu lizibwe mara moja.

4. Tazama nyufa. Zile nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni za jelikoti, yaani ngozi ya nje. Ufa unaofunguka ukisukuma ni wa mwili wenyewe.

5. Chungulia chini ya sakafu. Sponji ya kuelesha boti ikishanywa maji haieleshi tena, bali inazidisha uzito.

Boti tuliyoipata ni ya futi 18, ilikuwa imelala chini ya mwembe kwa miaka kadhaa. Tumbo lake lilikuwa zuri, isipokuwa tundu la ukubwa wa sahani pale ilipokwaruzwa na mwamba. Shetri ililia sauti nzito. Tulimwonyesha mwenye boti yote hayo waziwazi, naye akapunguza bei.

HAPO NDIPO MANENO YALIANZA

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Baadhi ya wenzetu walisema, "Tuzibe hilo tundu, tupake rangi, tufunge mashine. Kaskazi likianza tuwe baharini, tulipe deni." Hawakuwa wavivu. Deni lilikuwa la kweli, maana sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwenye chama cha akina mama. Mama mweka hazina alituambia, "Hii ni karo ya watoto. Nikiitoa, irudi."

Mzee mmoja, nahodha wa zamani, alikuwa amekaa tu akisikiliza. Akauliza swali moja: "Wanangu, hiyo mashine mtaifunga kwenye nini?"

Mashine ya nguvu za farasi 40 yaweza kuwa na uzito wa kilo 70 na zaidi, na ikienda kasi inasukuma ukuta huo kwa nguvu nyingi. Shetri iliyooza yaweza kupasuka mkiwa nje ya mwamba, mashine ikazama na bahari ikaingia kwa nyuma. Hakuna rangi inayozuia jambo hilo. Tukapiga kura: wanane wakasema ifunguliwe, wanne wakakataa. Tukaifungua. Upande wa juu mbao ilionekana kavu, lakini nusu ya chini ilitoka kwa mkono kama machicha ya nazi. Baada ya kuona hayo, hata wale wanne walishika msasa.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Kaskazi lilianza tukiwa bado nchi kavu, na wiki tano za msimu zikapita bila senti kuingia. Tulikaa na akina mama tukawaonyesha ile mbao, nao wakakubali kungoja.

TULIVYOGAWA PESA

Kwa kila shilingi 100 tulizokuwa nazo, 20 zilinunua boti. Shilingi 30 zilikwenda kwa shetri na mwili: plaiwudi, rezini, mkeka wa faiba na bolti. Mashine kuukuu na vipuri vyake ilikula 25. Jaketi za kuokoa maisha, ukaguzi na leseni, 15. Rangi na uchukuzi, 10. Kazi hatukulipana, kila mtu aliandikiwa siku zake kwenye kitabu.

Tuliokoa pesa kwa kuazima grainda, kununua rezini pamoja na kikundi kingine, na kutumia vikopo na brashi za bei rahisi. Hatukutaka urahisi kwa vitu vinne: plaiwudi ya majini, bolti za chuma kisichoshika kutu, mpira wa petroli, na jaketi. Hapo mtu asibane.

KAZI YENYEWE

Rezini haipendi maji. Msifanye kazi hii wakati wa mvua za masika. Tulijenga banda la makuti, tukaosha boti kwa maji yasiyo ya chumvi, tukaiacha ikauke wiki tatu.

Shetri tuliifungulia ndani. Tulikata ngozi ya faiba ya ndani, tukaacha ile ya nje isimame. Tukakwangua mbao yote iliyooza. Seremala wetu akakata plaiwudi mbili za milimita 18, akazigandisha pamoja ili zifikie unene wa zamani. Kingo zote zilinyweshwa rezini. Tuliibandika kwa rezini nzito iliyochanganywa na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa, tukaibana vizuri, kisha tukaifunika kwa mikeka ya faiba, kila mmoja ukipita mpaka kwenye mbavu za boti.

Sikieni siri ya matundu ya bolti. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze rezini nzito, ikikauka toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hivyo bolti inapita ndani ya rezini na maji hayaigusi mbao. Kazi ya nusu siku hiyo inaweza kuwapa miaka mingi.

Lile tundu la tumbo halikuzibwa kama kiraka cha suruali. Kingo zake lazima zisagwe zilale, upana kama mara 12 ya unene. Faiba ikiwa ya milimita 5, saga milimita 60 kuzunguka tundu lote. Kiraka kisichopewa nafasi ya kushika hubanduka. Mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba, ukilazwa mara tatu, huleta unene wa karibu milimita 3. Kila mita mraba ya mkeka mmoja hunywa kama kilo moja ya rezini. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani Mombasa, msirudi mara mbili.

Rezini hugandishwa na dawa iitwayo hadina. Kwa kawaida kilo moja ya rezini huwekwa gramu 10 hadi 20, na kwa joto letu huwa ni karibu na 10. Someni maandishi ya mkebe, na mjaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Changanyeni nusu kilo nusu kilo, asubuhi mapema au jioni. Ikibaki nyingi kwenye kopo hupata moto yenyewe ikatoa moshi.

TAHADHARI

Hadina ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Vaeni miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikimrukia mtu, aoshwe jicho kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Rezini nyingi huuzwa zikiwa zimetiwa dawa ya kuharakisha. Mkipewa dawa hiyo kando, msiichanganye kamwe moja kwa moja na hadina, maana hulipuka. Mvuke wa rezini na asitoni hushika moto: hakuna sigara, hakuna jiko. Wakati wa kusaga, vaeni barakoa ya vumbi na mikono mirefu. Vumbi hilo tulilifagia tukalitia kwenye magunia, lisiingie baharini. Watoto wakae mbali.

MASHINE

Tulinunua kuukuu baada ya kukagua mambo machache. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Impela ya pampu ya maji ni ya mpira na huchoka. Sisi tuliibadilisha bila kungoja iharibike, maana ikikatika mashine huchemka ikaungua. Msiiwashe mashine ikiwa kavu. Iwasheni ndani ya pipa la maji, mtazame kama maji yanaruka kwenye kijitundu chake. Kila ikitoka baharini tunaiosha hivyo hivyo kwa maji yasiyo ya chumvi. Kipimo cha oili kwenye petroli ni kile cha kitabu cha mashine hiyo, si cha jirani. Yetu ni lita 1 kwa lita 50.

KABLA YA KUTIA MAJI

Mahali pa ile sponji iliyolowa tulifunga mitungi mitupu ya plastiki ya lita 20, iliyozibwa vifuniko barabara. Kila mmoja, ukizamishwa, huinua karibu kilo 20. Tulifunga kumi chini ya sakafu na viti, ili boti ikijaa maji isizame.

Siku ya kwanza hatukubeba watu. Tulitia mifuko ya mchanga, tukaielesha maji kupwa, ndani ya mwamba, na watu wawili waliovaa jaketi. Tulitazama shetri ikicheza au la, na ngama ikiingia maji au la. Tukarudia siku tatu. Ndipo tukaita wakaguzi wa Mamlaka ya Ubaharia Nchini, KMA, na tukajiandikisha kwa kamati ya BMU ya pwani yetu. Wako wanaoona ukaguzi ni usumbufu. Sisi tunasema ni jicho la pili, na chombo cha kubeba watu kinalihitaji. Rangi tuliipaka ukaguzi ukiwa umekaribia, na ilikuwa ya rangi mbili tu, tena haikutosha upande mmoja.

Leo boti inafanya kazi. Inaleta samaki mapema, na mara mbili imevusha mgonjwa usiku. Deni la akina mama bado tunalilipa, limebaki chini ya nusu. Hatuwaambii kwamba tumetajirika.

Basi wenzetu, kikundi kinachofikiria kununua boti iliyotupwa, nendeni na nyundo kabla ya kwenda na pesa. Ikilia vibaya kila mahali, iacheni, hata mkipewa bure. Ikiwa tumbo ni zima na ugonjwa uko shetri, inatibika. Sasa tuna grainda yetu wenyewe, na kikundi kitakachoihitaji kitaazimwa: mje wawili, mwandikishe kwenye kitabu, muirudishe safi. Seremala wetu naye yuko tayari kuja kugonga pamoja nanyi.

 Kama kuna maswali, tuko hapa.