Damu Katika Choo cha Mja Mzito: Si Kila Mara ni Bawasiri

Mazungumzo ya afya kwa waja wazito, waume zao na wahudumu wa afya ya jamii



Mja mzito anapofika kliniki hupimwa presha, mkojo, damu na uzani. Tumbo lake hupapaswa na mapigo ya moyo ya mtoto husikizwa. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi haulizwi, na yeye mwenyewe huona haya kulitaja, nalo ni choo chake. Mazungumzo ya leo ni juu ya hicho choo, na hasa damu inayoonekana ndani yake.

Kila mama aliyewahi kuzaa anajua kwamba mimba hufunga choo. Homoni za ujauzito huufanya utumbo uende polepole, tumbo la uzazi linalokua hubana njia, na tembe za kuongeza damu zinazotolewa kliniki huongeza ugumu. Mama akijikamua, mishipa ya sehemu ya haja huvimba na kuwa bawasiri, na bawasiri hutoa damu. Kwa hiyo mama akiona damu husema ni bawasiri. Jirani naye husema hivyo hivyo, na mwenye duka la dawa humuuzia dawa ya kupaka. Mara nyingi sana wote watatu huwa wamesema kweli.

Taabu iko kwa yule mmoja ambaye si bawasiri. Saratani ya utumbo mpana na ya sehemu ya haja kubwa wakati wa ujauzito ni nadra. Kadirio linalotajwa mara nyingi na madaktari ni mimba moja kati ya 13,000. Hapana sababu ya mja mzito kulala macho kwa hofu. Ila dalili zake ni zile zile za ujauzito: kufunga choo, damu, tumbo kuuma na kujaa, kichefuchefu, uchovu, upungufu wa damu. Kwa kuwa kila dalili ina maelezo yake mepesi, wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, mimba ikiwa kubwa na ugonjwa umeshasambaa. Wala isidhaniwe kwamba ni ugonjwa wa wazee tu. Barani Afrika sehemu kubwa ya wagonjwa wake huwa hawajafika miaka 50, yaani wamo pia wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Basi damu ya bawasiri itatambuliwaje? Kwa kawaida huwa nyekundu, hupaka karatasi au hudondoka baada ya choo kigumu, na hupungua choo kikilainika. Damu iliyochanganyika na choo chenyewe ni jambo jingine. Hali kadhalika choo kilichobadilika kikawa chembamba kuliko zamani, kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka msalani, kukonda wakati ambapo mja mzito anatakiwa kuongeza uzani, au damu mwilini kukataa kupanda ingawa tembe zinamezwa kila siku. Na hata ile damu nyekundu, ikiendelea wiki mbili baada ya choo kulainika, haifai kuachwa. Mama ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo asingoje hata hizo wiki mbili.

Tembe za kuongeza damu zinahitaji neno la ziada, kwa sababu huwachanganya wengi. Madini ya chuma yaliyomo hufanya choo kiwe cheusi au kijani kilichoiva. Hilo ni la kawaida, na kuacha tembe kwa ajili hiyo ni kosa. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida huenda kikawa ni damu iliyotoka juu tumboni. Mama asiyeweza kutofautisha aseme tu, mhudumu atampima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Daktari au muuguzi huvaa glavu na kupima kwa kidole. Ni dakika moja au mbili. Haigusi mimba wala haimdhuru mtoto. Uvimbe mwingine hukaa chini kabisa, mahali ambapo kidole kinafika, na inasikitisha kwamba mama aweza kupaka dawa miezi minne bila mtu hata mmoja kumpima. Duka la dawa lina marhamu ya kila aina, lakini kipimo hiki halina. Mama ana haki ya kuomba apimwe na mhudumu wa kike, na kuwa na mtu wake chumbani.

Kukiwa na shaka, kamera fupi ya kutazama sehemu ya chini ya utumbo huweza kutumika katika ujauzito, na kipande kidogo cha nyama kikachukuliwa kupimwa. Kamera ndefu inayopita utumbo mpana wote hutumika pale sababu ni nzito, ikiwezekana katika miezi mitatu ya katikati. Altrasaundi na MRI isiyo na dawa ya mshipani hazitumii mionzi ya eksirei. Picha ya CT huepukwa kadiri inavyowezekana.

Ikithibitika kuwa ni saratani, swali la kwanza la familia huwa ni kama mtoto ataponyoka. Saratani ya mama kuvuka kondo na kumwingia mtoto ni jambo nadra mno. Matibabu nayo hupangwa kwa kuhesabu wiki za mimba. Upasuaji hufanyika vizuri zaidi katika miezi mitatu ya katikati. Tibakemikali haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa ndipo viungo vya mtoto vinapoumbika. Baada ya hapo huweza kutolewa, na husimamishwa takriban wiki tatu kabla ya kujifungua ili chembe za damu za mama na za mtoto zipate kurudi. Mionzi ya nyonga ndiyo isiyopatana na mimba kabisa.

Hapa pana ugumu ambao haufai kufichwa. Mama mwenye mimba changa na saratani ya sehemu ya haja inayohitaji mionzi haraka huwa na uamuzi mzito mbele yake. Kifungu cha 26(4) cha Katiba kinamruhusu mtaalamu wa afya aliyehitimu kuisitisha mimba pale maisha au afya ya mama iko hatarini. Lakini haijaonekana kwamba kusitisha mimba peke yake humfanya mgonjwa apone zaidi, kwa hiyo asishinikizwe upande wowote. Aelezwe, aulize, aamue. Wakwe na majirani wana ushauri mwingi katika siku hizo, na ule unaosikika sana ni kwamba asubiri azae kwanza. Kwa mimba ya wiki 35 daktari huenda akakubaliana nao. Kwa mimba ya wiki 18, kusubiri huko ni miezi mitano ya ugonjwa kukua bila kizuizi.

Dalili moja haisubiri wiki yoyote ya mimba: tumbo limejaa na kukaza, mama anatapika, choo hakitoki na hewa haitoki. Utumbo umeziba. Huyo hupelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu watoto wenyewe, habari ni afadhali kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Frédéric Amant wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa watoto 129 ambao mama zao waligunduliwa kuwa na saratani wakiwa wajawazito. 96 kati yao walikuwa tumboni wakati mama anapewa tibakemikali. Saratani za matiti ndizo zilizokuwa nyingi kundini humo, si za utumbo. Walipolinganishwa na watoto wengine 129, ukuaji wa akili na hali ya moyo havikupungua kwa sababu ya matibabu. Kilichowarudisha nyuma baadhi yao ni kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana madaktari hujitahidi mimba ifike wiki 37 hali ikiruhusu, na isiporuhusu mama huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Wengi wa akina mama hawa huweza kuzaa kwa njia ya kawaida, isipokuwa uvimbe umekaa mahali pa kuzuia mtoto au kuna sababu nyingine ya uzazi. Hata mwenye mfuko wa choo tumboni anaweza kusukuma. Kondo la nyuma hupelekwa maabara, na mtoto hupimwa damu. Akiwa mdogo, hulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu. Baba naye ana kifua.

Kunyonyesha ndiko kunakowaliza wengi. Dawa za tibakemikali huingia katika maziwa, hivyo mama anayezipata hanyonyeshi. Asilaumiwe kijijini kwamba amemnyima mtoto titi. Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ina benki ya maziwa ya akina mama tangu 2019, lakini walio mbali nayo hutegemea maziwa ya unga, na hapo wahudumu wa afya ya jamii wana kazi ya kuhakikisha maji yamechemshwa na kikombe ni safi.

Anayepewa rufaa kwenda Kenyatta, Moi kule Eldoret au Coast General mjini Mombasa abebe kijitabu cha mama na mtoto, majibu yote ya vipimo, na kitambulisho. Usajili wa SHA uwe umekamilika na mchango umelipwa kabla ya safari, maana kuanza kuufuatilia dirishani hospitalini hula siku ambazo mgonjwa hana.

Jambo la mwisho huwahusu ndugu. Mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake ameugua saratani ya utumbo hushauriwa kuanza kuchunguzwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa nao, lolote litakalotangulia. Mama akigunduliwa akiwa na miaka 32, basi dada na kaka zake waliokwisha kufika miaka 22 waende sasa. Mtoto aliyezaliwa naye ana zamu yake akitimiza miaka 22. Muuguzi aandike hivyo kwa kalamu ya wino katika kijitabu chake, pamoja na jina la ugonjwa wa mama, kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani.