Safari ya Kalemie: tulikwenda kama ukoo wa bwana arusi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa chama)

Tumeombwa kueleza ile safari ya Kalemie, maana yamesemwa mengi. Wengine wamesema tulikwenda kula arusi. Ni kweli, tulikula. Lakini tulifanya pia jambo ambalo hatukuwa na ruhusa ya kulifanya, na hilo ndilo tunataka mlisikie kutoka kinywani mwetu wenyewe.

Bwana arusi wengi wenu mnamjua. Alizaliwa kambini Lugufu mwaka wa 1998, sisi tukiwa tayari watoto wa shule. Tulikuwa tunambeba mgongoni kwenye foleni ya maji. Baba yake alizikwa kulekule. Mama yake alivuka naye ziwa kurudi Baraka mwaka wa 2007, na miaka mitatu haikuisha naye akafariki. Kijana akakaa kwa huyu, akakaa kwa yule, mwisho akashuka Kalemie kutafuta kazi. Akajifunza kuchomelea vyuma, na huko ndiko alikopata mchumba.

Wakwe walimpenda. Shida ilikuwa moja tu, na shangazi wa binti aliisema bila kuzunguka: "Huyu kijana iko na batu?" Kwetu mahari haibebwi na mtu mmoja. Hata Sheria ya Familia ya nchi yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inataka bwana arusi pamoja na jamaa yake wapatane na wazazi wa binti juu ya mahari. Sasa hiyo jamaa itoke wapi? Akatupigia simu usiku. Hakuomba pesa. Aliomba watu.

Tukajipanga saba, wanawake watatu na wanaume wanne, wote watoto wa Lugufu. Kila mmoja alitoa dola 45 kutoka mfukoni mwake: nauli, chakula cha njiani, vikwembe na sufuria za zawadi. Tunalisema waziwazi mbele ya wafadhili: hakuna hata franka moja ya mradi iliyoingia katika safari ile. Na mfuko wa chama haukutoa kitu, kwa sababu statuti yetu inajua ugonjwa na kilio tu. Mtu akifa, siku hiyohiyo tunakusanya. Mtu akioa, tunamwambia hongera.

Barabara tuliiogopa: mashimo, bariere, na watu wenye silaha. Tukachagua ziwa. Toka Baraka mpaka Kalemie ni zaidi ya kilometa 200, na ilikuwa mwezi wa saba, wakati upepo wa kusi unapiga usoni. Mama wa mmoja wetu alikataa kabisa binti yake asipande boti. Alikumbuka Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama humu ziwani na watu zaidi ya mia moja wakafa. Hatukumbishia. Tulikwenda kuazima majaketi saba ya kuokolea, tukamwonyesha, ndipo akanyamaza. Ndani ya boti abiria wengine walitucheka tulivyovimba kama magunia. Jioni upepo ulipoanza, hakuna aliyecheka tena. Kapiteni akakata kona akatuingiza Kazimia.

Tulilala pale ufukweni kwa wavuvi, waliotupa ugali wa muhogo na ndakala bila kutuuliza tunatoka wapi. Mahari ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alhamisi asubuhi sisi bado tuko Kazimia, tunapanda kilima kwa zamu kutafuta rezo ili tumwambie kijana awaombe wakwe wasubiri. Tulifika Kalemie alasiri, viatu vimelowa, na mmoja wetu shati linanuka samaki. Tukakuta familia nzima imekaa chini ya turubai toka saa tatu, na bwana arusi amesimama njiani peke yake.

Msemaji wao alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye reli. Akauliza: "Ninyi ni ukoo gani?" Wapendwa, msemaji wetu alikuwa ametayarisha uongo mzuri sana, wa baba mdogo na binamu. Lakini kati yetu saba kulikuwa na Mubembe, Mubwari, Mufuliru na Muluba. Hata kipofu angetushika. Akautazama uso wa mzee, akasema ukweli: "Hatuko damu moja. Tulikulia naye kambini. Wazazi wake walituachia yeye bila kupanga kutuachia."

Kimya. Halafu yule shangazi: "Siku atakapompiga mtoto wetu, ao akimwacha na watoto, tutapigia nani simu?"

"Mtupigie sisi."

"Sisi ni nani?"

Hapo ndipo tulipokosa, kama ni kosa. Tulikuwa na barua ya safari yenye muhuri wa chama, ya kuonyesha njiani. Tukaigeuza. Nyuma yake tukaandika majina saba, namba za simu saba, na juu yake maneno haya: chama hiki kinajibu kwa ajili ya kijana huyu kama jamaa yake. Tukatia sahihi. Shangazi akaisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga katika ncha ya kikwembe chake. Ndipo wakapokea mahari.

Arusi yenyewe Jumamosi ilikuwa nzuri, tusiwachoshe. Neno moja tu juu ya ndoa ya leta: kijana hana cheti cha kuzaliwa, akatumia ile hati ya ushahidi ambayo sheria inaruhusu ichukue nafasi yake. Ninyi mliozaliwa Lugufu na Nyarugusu wengi mtaihitaji. Mtuone baada ya mkutano.

Kamati imetukaripia, na ina haki. Tulifunga watu wote wa chama kwa ahadi ambayo hawakuulizwa. Mkiikataa leo, tutamwandikia shangazi na kumwambia kwamba tulijibu sisi saba tu. Mkiikubali, tunaomba pia statuti ibadilishwe. Si kwa ajili ya bia wala keki. Tunaomba nauli ya wasindikizaji kwa mwanachama asiye na wakubwa, basi. Na wafadhili wetu, mnaotuuliza kila mwaka kama watu wamerudi kweli: katika karatasi zenu kuna mabati, mbegu na majembe, na tunashukuru sana. Hakuna mstari wa kuandika kwamba mtu amepata shangazi wa kumfokea.

Juzi huyo shangazi alipiga simu. Tulishtuka, tukadhani matata yameanza mapema hivi. Kumbe alitaka kujua ndakala ni bei gani Baraka. Baadaye, tulipoulizana, tukajua alipiga namba zote saba siku ileile, na kila mmoja alimuuliza bei ya ndakala. Namba moja haikupokelewa. Mwenyewe yuko hapa ndani, anajijua.